Diski Yenye Utepe Mwekundu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umeinamia mashine ya mtu, iache kwanza, kunywa maji, kisha usome. Sisi hatujambo. Pacha wanaota meno kwa zamu. Mmoja akinyamaza mwenzake anapokea, kama walinzi wa geti. Baba yao anasema siku hizi usingizi anausikia kwa watu. Mnara wa simu ulioangushwa na upepo bado umelala pale pale, kwa hiyo tutaendelea kuandikiana kama watu wa zamani, na lori la unga wa shule ndilo posta yetu.

Bati la biskuti limefika, na ndani yake diski zote tatu na ile flashi yenye mfumo wa kuweka. Mungu akuzidishie. Kompyuta tuliyopewa ni nzuri, ila wenyewe waliing'oa diski kabla ya kuitoa, nadhani kwa kuogopa siri zao. Sasa ni kichwa bila ubongo. Unajua ninavyoihitaji. Mwaka jana msichana wangu mmoja hodari alianguka mtihani kwa sababu mtu aliyepewa amwandikie majibu alisikia vibaya nusu nzima. Watoto wasioona wanaweza kuandika wenyewe, mradi mashine iwasomee kwa sauti kila wanachogusa. Mitihani ni Novemba.

Lakini nimekwama. Diski ya kwanza inagonga ko, ko, ko, kama mtu aliyesahau ufunguo ndani, halafu kompyuta inasema haioni kitu. Ya pili inaonekana, ila nikifika pa kuchagua mfumo ukae wapi, inakataa. Nimekunakilia maneno yake yote nyuma ya karatasi, neno kwa neno. Kuna na hili: nikiwasha, flashi yako inaonekana mara mbili kwenye orodha, mara moja jina tupu, mara nyingine jina lilelile lenye herufi nne mbele yake. Flashi ni moja, nimeichomeka mwenyewe. Nichague ipi? Mimi nimekuwa nachagua ile yenye herufi nne kwa kuwa ndiyo iliyo juu. Diski ya tatu sijaigusa.

Nimeandika kwa herufi za sisimizi kwa sababu karatasi tunagawana. Usinikasirikie.

Mpwa wako,
Chiriku


25 Februari

Chiriku,

Marahaba, mama. Wabusu pacha, na uwaambie meno wasiyaogope, watayahitaji.

Mimi mzima. Kibanda cha jirani kimepata mpangaji, mwanamke mshonaji, na cherehani yake inanguruma nyuma ya ukuta wangu kutwa nzima. Mwanzoni nilinuna. Sasa ikinyamaza nainua kichwa nijiulize kuna nini. Uzee unabisha hodi lakini sijaufungulia mlango.

Turudi kwenye kazi. Diski inayogonga imekufa, izike. Ya pili inakataa kwa sababu imebeba mgawanyo wa zamani, ule iliowekewa na wenyewe wa kwanza. Ni nyumba yenye kuta za mpangaji aliyehama, na mfumo mpya hauzitaki. Dawa ni kuzivunja. Kwenye karatasi ya pili nimekuandikia amri za kufuata. Utaorodhesha diski, utatazama ukubwa ili usije ukafuta flashi badala ya diski, kisha utatoa amri ya kusafisha. Usisite. Ukikwama na hiyo, fanya hivyo hivyo kwa ya tatu. Zote nilizokutumia zina utepe wa kahawia, yaani ni makapi ya maofisini, hamna la mtu ndani yake.

Na wewe ni mwalimu. Andika herufi kubwa.

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Haya, herufi kubwa hizo, na Mkuu wa Shule akiuliza karatasi zimekwenda wapi nitamtuma kwako. Pacha wamejua kutambaa, lakini wa kwanza anatambaa kinyumenyume, anakwenda kwa anachokitaka kwa kukipa mgongo. Barua yako wewe imetushangaza: mistari yote inapanda kilima. Uliiandikia ndani ya gari?

Ya pili niliisafisha kama ulivyosema, na kweli ikakubali. Nikashangilia mapema. Ikaanza kunakili, ikafika katikati, ikasimama. Nikarudia, ikasimama pale pale. Nikamwita Mwalimu wa Muziki, ambaye yeye mwenyewe haoni, akaweka sikio kwenye kasha la kompyuta kama daktari. Akasema ni kama mtu anayepanda ngazi, kila akifika kidato kimoja anageuka kurudi. Nadhani diski ina madonda mahali, na haiponi.

Basi imebaki ya tatu. Hii ilikuwa chini kabisa ya bati, na utepe wake si wa kahawia, ni mwekundu. Nimedhani ulikuishia ule mwingine. Nayo inakataa kwa maneno yale yale. Kesho baada ya vipindi nitaisafisha, na hii naona itafaa, kwa sababu sauti yake ni nyororo.

Hukunijibu kuhusu flashi kuonekana mara mbili.

Mpwa wako,
Chiriku


3 Aprili

Chiriku,

Usiisafishe hiyo diski. Salamu zitafuata, hili litangulie. Kama imo kwenye kompyuta itoe, ifunge kitambaa kikavu, iweke mbali na sumaku na mbali na mikono ya pacha.

Sasa hujambo? Mwandiko huu si wangu. Nilijikata kidole nikifungua kasha la chuma, kwa hiyo mimi nasema na jirani yangu Mshonaji anaandika.

Utepe wa kahawia ni makapi. Utepe mwekundu ni vitu vya nyumbani. Hiyo diski haikutakiwa kuondoka kwangu, nilikosea wakati wa kufunga. Ndani yake kuna sauti ya mama yako. Nilipokuwa chuo cha ufundi, dada yangu alikuwa mvivu wa kuandika ila hakuwa mvivu wa kusema. Alikuwa anajirekodi kwenye kanda, upande wa kwanza na wa pili, anampa mtu anayekuja huku aniletee. Nilizitunza hata baada ya yeye kufariki. Ukungu ulipoanza kuzila nilizihamishia kwenye diski hiyo, na kanda zenyewe nikazitupa, zilikuwa zimegandana. Nakala nyingine hakuna. Miaka yote nawahubiria wateja kwamba kitu cha thamani kisikae mahali pamoja, na mimi changu kilikuwa mahali pamoja.

Nilitaka kukupa siku ya harusi yako. Haikuwezekana.

Niandikie upesi kwamba hujaisafisha.

Mjomba wako

Mwanangu, sasa nasema mimi mwandishi. Amemaliza na ametoka kuchota maji, na hiki ninachoongeza hawezi kukisoma. Kidole chake ni kizima. Macho ndiyo hayaoni. Barua yako ya Februari aliisoma kwa kubahatisha. Hii ya pili aliniletea nimsomee, na nilipofika kwenye utepe mwekundu akakaa chini, palepale sakafuni, akaniomba nirudie. Skrubu anazitafuta kwa kupapasa. Kahawia na nyekundu kwake ni rangi moja. Nimemwambia aende hospitali ya macho, anasema ana kazi nyingi, na kazi zenyewe wateja wanazihamisha mmoja mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Naishia hapa, namsikia na ndoo yake.


19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pole sana kwa kidole. Salamu nyingi kwa Mama Mshonaji, mwandiko wake unasomeka vizuri hadi mstari wa mwisho.

Diski iko kabatini kwangu, nimeifunga kwa shuka ya pacha. Hakuna anayeigusa. Sikujua kama kuna sauti. Bibi alinilea mpaka anafariki na hakuwahi kuniambia.

Kidole kinaendeleaje? Na macho je? Nauliza tu, maana watu wa umri wako hupimwa.

Kengele imelia, nina kipindi.

Chiriku


8 Mei

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi. Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuandika barua fupi. Nilimwomba Mshonaji anisomee tena, nikasikia kinachokosekana. Umeniambia diski ilipo, hukuniambia ilivyo. Basi umeisafisha.

Na wewe umeniuliza macho mara tu baada ya kidole. Nikamgeukia Mshonaji, naye ghafla akawa anatafuta uzi. Basi unajua.

Tuache kuzungukana kama kuku na mwewe. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nimejaliwa watoto uzeeni, na wote wawili hawaniachi nione. Daktari aliniambia mwaka juzi kwamba wanatolewa, kazi ya asubuhi moja, mtu anarudi nyumbani mchana. Nilimwambia nitarudi. Sikurudi. Ninaogopa. Maisha yangu yote nimewaambia wateja kwamba kitu kinachofanya kazi nusu usikifungue, unaweza kukifunga kikiwa hakifanyi kazi kabisa. Nikajiona mimi ndiyo hiyo mashine. Kwa hiyo nikaendelea kupapasa, nikapapasa mpaka nikakutumia dada yangu umfute.

Sasa sikiliza. Kama uliisafisha tu, usilie. Amri ile haifuti vilivyomo. Inang'oa kibao cha mlangoni na orodha ya vyumba, basi, vyombo vinabaki ndani gizani. Hatari ni kilichoandikwa juu yake baadaye. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Kwenye diski yanazoleka, mradi hujapiga deki. Niambie ukweli: baada ya kusafisha uliendelea kuweka mfumo? Ulifika wapi?

Kuhusu flashi, nisamehe. Swali lako lilikuwa chini ya ukurasa, kwa herufi zile, na sikuliona. Lilikuwa ndilo swali lenyewe. Flashi inaonekana mara mbili kwa sababu kompyuta hiyo inajua kuwaka kwa njia mbili, mpya na ya zamani. Ile yenye herufi nne ni njia mpya, nayo haikubali diski iliyogawanywa kizamani. Ungechagua jina tupu, diski zako zingekubaliwa siku ileile bila kusafisha chochote. Ningekuwa naona, ningekujibu kwa mstari mmoja.

Kwenye bati hili kuna diski ya nne. Utepe ni wa kahawia. Mshonaji ameutazama juani na ameapa.

Mjomba wako


10 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na Mama Mshonaji shikamoo, maana najua ni wewe unayesoma.

Nianze na la kufurahisha kwa sababu la pili ni zito. Kompyuta inasema. Niliweka diski ya nne, nikachagua jina tupu, na ile skrini iliyokuwa ikinifukuza tangu Februari ikanipitisha kama mgeni aliyetarajiwa. Ilinakili, ikajizima, ikajiwasha, sikuamini. Nikaweka programu ya kusoma. Darasa zima lilikuwa limesimama nyuma yangu, na Mwalimu wa Muziki mlangoni. Mashine ikatamka neno lake la kwanza, "Karibuni", lakini kwa lafudhi ya mtu aliyeteremka kwenye ndege jana. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha yule msichana niliyekueleza, anayerudia mwaka, akaomba kiti. Akaandika jina lake herufi moja moja, mashine ikimsomea kila anayoigusa. Akakosea herufi, akasikia, akafuta mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Akageuka akasema, "Mwalimu, nimejisahihisha." Nikatoka nje kidogo.

Sasa la pili. Ndiyo, niliisafisha, kesho yake kama nilivyokuandikia. Nikaendelea kuweka mfumo. Ilikubali, ikaanza kunakili, ikafika asilimia nne. Jenereta ikazima. Fundi wa jenereta akasema kuna kipuri kinasubiriwa, na kabla hakijafika ikaja barua yako ya kunizuia. Nilikujibu vile kwa sababu nilidhani nimekwisha kumfuta, na nikaona ni afadhali ubaki na matumaini kuliko ubaki na mimi niliyeyafuta. Mama nilimpoteza kabla ya kujua kukumbuka. Sina hata kitu kimoja cha kwake ninachoweza kusema hiki nakijua. Sikuwa na nguvu ya kuandika kwamba nimempoteza mara ya pili kwa vidole vyangu.

Umesema yanazoleka. Nimekuamini. Lakini kazi hiyo inataka macho, na wewe huna, na simpi fundi mwingine. Kwa hiyo nimeamua. Baba Pacha anakuja huko na lori, na diski iko mfukoni mwake. Hakupi wewe. Anampa Mama Mshonaji, mkononi. Mama, nakuomba kwa heshima zote: uifungie pale unapofungia vitambaa vya wateja, na mjomba wangu asiiguse mpaka mtoto ametoka jichoni. Akinuna, mwache anune. Akisema ana kazi nyingi, mwambie kazi aliyonayo ni hii.

Mjomba, nimekuwa mkaidi kwa sababu ulinifundisha hivyo.

Chiriku


21 Agosti

Chiriku,

Marahaba, mwanangu.

Utazame mwandiko. Mstari unakwenda sawa. Naandika mwenyewe, juu ya meza yangu, na kalamu naiona ncha yake.

Nilinuna wiki nzima. Mshonaji hakuyumba. Kila asubuhi nilipita kwake nikimwambia nataka kuitazama diski tu, naye ananijibu kwamba nitaitazama nitakapoweza kutazama. Mwisho akafunga kibanda chake, akavaa viatu, akasimama mlangoni kwangu. Nikamfuata. Hospitalini niligeukia mlango mara mbili, mpaka muuguzi akanishika bega na kuniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi fundi wa kompyuta. Akasema basi leo lala wewe, sisi ndio mafundi. Sikusikia maumivu. Waliondoa bandeji siku iliyofuata, na nikaona ukuta mweupe, mweupe ajabu. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna rangi hiyo. Niliporudi kwenye kibanda changu niliona vumbi ambalo sitakusimulia. Niliona pia kwamba shati ninalolipenda, ninalovalia kwenda kwa watu, ni la waridi. Mshonaji anasema alidhani ni hiari yangu. Jicho la pili walilitengeneza mwezi uliofuata.

Ndipo akanifungulia kabati.

Kwanza niliinakili diski yako yote kama ilivyo kwenye diski nyingine, na hiyo kwenye nyingine, kwa sababu nimejifunza. Kisha kwenye nakala nikaweka programu ya kutafuta, inayopita kila chumba gizani ikipapasa mwanzo wa kila faili. Iliendelea kutwa. Nikawa nakaa, nainuka, nakaa. Jioni faili zikaanza kutokea, moja, halafu tano, halafu zikaja mfululizo. Chache zimekwenda, zile ambazo mfumo wako ulikuwa umekwisha kuandika juu yake kabla jenereta haijatuokoa. Zilizobaki ni nyingi kuliko nilivyothubutu kuomba.

Ila majina yake yote yamepotea. Zimetoka na namba tu, zimechanganyika na nyimbo na takataka nyingine. Kujua ipi ni ipi hakuna njia isipokuwa kusikiliza. Na hapo, Chiriku, ndipo nikuambie kwa nini siku ya harusi yako haikuwezekana. Tangu dada yangu alipofariki sijawahi kumsikiliza. Nilipohamisha kanda zile nilizima spika, nikawa naangalia sindano ya kipimo cha sauti ikicheza. Siku ya harusi nilikuwa nimejiambia nisikilize kwanza, nichague moja nzuri, na nikashindwa kubonyeza. Nikaona siwezi kukupa kitu ninachokiogopa.

Safari hii sikuwa na pa kukimbilia. Nikagonga ukuta, cherehani ikanyamaza, Mshonaji akaja na kiti chake. Tukafungua ya kwanza. Dada yangu akaanza kwa kunigombeza kwamba sijamwandikia. Nilimwambia Mshonaji, "Ndiye." Kisha tukazisikiliza zote, siku kadhaa, na baada ya ya tatu au ya nne nikagundua kwamba ninacheka. Alikuwa mcheshi. Nilikuwa nimekumbuka kufa kwake nikasahau hilo.

Zako ziko kwenye flashi hii. Nakala ninayo mimi, nakala anayo Mshonaji. Utepe ameufunga yeye.

Mjomba wako


14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa upasuaji na hongera kwa shati. Mama Mshonaji, asante haitoshi, nitakuja mwenyewe Desemba niiseme nikiwa nimekushika mikono. Pacha wametembea. Wa pili aliinuka akalifuata lori.

Kazi ya shule inaendelea. Wale wa mtihani wanafanya mazoezi kila siku kwa zamu, na mkaguzi amekuja, amekaa, amesikiliza, ameandika kwamba watafanya mtihani wao wenyewe. Msichana wangu alikuwa kwenye kiti wakati huo. Hakugeuka hata kumsalimu mkaguzi, alikuwa kwenye sentensi.

Flashi yako ilikuja Ijumaa. Nilikaa nayo mfukoni mpaka Jumamosi. Watoto walipokwenda uwanjani nikabaki darasani peke yangu, nikaichomeka, nikachagua ya juu kabisa bila kuchagua.

Nilidhani nitalia. Kumbe nilikaa kama mtu anayesikiliza jirani. Anakueleza paa linavyovuja, na jinsi Bibi alivyoweka sufuria chini ya kila tone mpaka nyumba ikawa na muziki wake. Anakuuliza kama unakula. Anasema, "Huyu mpwa wako haongei bado, lakini anagombana na kila mtu." Nyuma yake kuna mtoto anagonga kitu, na ilinichukua muda kujua kwamba mtoto huyo ni mimi. Mara anakatisha maneno, anasema, "Ngoja, anatoka nje huyo," na kanda inabaki peke yake na chumba. Viatu vinakimbia. Mlango. Halafu, kutoka mbali, anacheka, kicheko kirefu kinachopanda na kuvunjika katikati, na kinakuja kinakaribia mpaka kinajaa kwenye spika.

Mwalimu wa Muziki alikuwa anapita ukumbini. Unajua yeye watu huwajua kwa sauti tu, na hajawahi kukosea hata mwanafunzi mmoja. Akaingiza kichwa mlangoni na kusema kwa furaha, "Mwalimu, leo umefurahi, nini kimekuchekesha hivyo?"

Mjomba, nilikuwa sijafungua mdomo.

Mpwa wako,
Chiriku